Mvua ya Mwaka Kananu Alipokataa Urubani

Jumatatu, 2 Machi

Mwalimu Winrose wa darasa letu la watu wazima amefunga darasa mpaka mvua ipite, kwa sababu paa linavuja na hakuna wa kulitengeneza. Ametupa kila mtu daftari. Amesema tuandike, hata mstari mmoja kwa siku, tusije tukarudi Juni vidole vimesahau. Wenzangu wataandika mambo ya dini. Mimi nitaandika yanayonihusu. Ninaota kwa Kimeru, lakini kalamu nilifundishwa kwa Kiswahili, kwa hivyo mimi nitavumilia na atakayesoma avumilie pia.

Ninakaa Laare, juu kidogo ya soko. Nina miti arobaini ya miraa, ile ya zamani tunayoita mbaine, iliyopandwa na babu ya mume wangu. Mume alikufa. Mwanangu Mutwiri alikufa. Nimebaki na mjukuu, Kananu, binti ya Mutwiri. Ana miaka kumi na tisa, amemaliza sekondari na alama za kuwashinda wavulana wote wa darasa lake. Atakuwa rubani. Nimetangaza kanisani, nimetangaza sokoni, na kwa yule mama wa mitumba ambaye mtoto wake ni nesi nimetangaza mara mbili.

Shule ya urubani iko Nairobi na bei yake inatisha. Nimekubaliana na tajiri mmoja wa Kangeta. Atakodi miti yangu yote, avune yeye miaka kumi na tano. Atakuja na karatasi tarehe ishirini na nne Aprili. Miaka kumi na tano ikiisha mimi nitakuwa chini ya udongo, najua, si lazima mtu anikumbushe.

Sijawahi kupanda ndege. Miraa yangu imepanda, kila wiki, inakwenda Mogadishu bila mimi. Nimechoka kuaga majani.

Jumanne, 3 Machi

Jua kali. Magoti.

Jumamosi, 7 Machi

Mvua haijaja. Kananu amekaa na simu siku nzima. Nikamwuliza anatafuta nini huko ndani. Akasema anasoma habari za kozi. Nikamwambia kozi ni moja, maliza kuisoma uje uchambue maharagwe.

Jumatatu, 9 Machi

Mithika amekuja kuvuna. Huyu ndiye mchumaji wangu tangu mume alipokufa, maana mwanamke wa kwetu hapandi mti wa miraa, hata kama ni wake na hata kama mchumaji ni mvivu kama Mithika. Mimi husimama chini nikimgombeza.

"Mama Mutwiri," akaniita kutoka juu, "mtoto ataingia shule ya ndege, unajua hata mlango wake uko wapi?"

"Nitauliza."

"Utamwuliza nani? Mchungaji? Mchungaji anajua mlango wa mbinguni tu. Uliza Abdirizak. Ndege zinazobeba miraa yake anazijua mpaka matairi."

Mithika akisema neno la maana huwa ni bahati, lakini hili lilikuwa la maana. Abdirizak ni mfanyabiashara wa mji wa Maua, Mwislamu, baba yake alifika hapa na lori kabla mimi sijaolewa. Ana stoo hata hapa Laare, sisi wote tunampelekea. Watu wa uwanja wa ndege anawajua kwa majina. Akimsemea Kananu, mlango utafunguka.

Lakini mimi siendi kwa mtu kuomba mikono mitupu kama kifaranga. Nitaomba kwa njia yetu. Nimemwambia Mithika akate vichipukizi vizuri vya mti ule mkubwa wa karibu na choo, vyekundu, virefu. Nitafunga ncoolo, bunda la ombi.

Jumatano, 11 Machi

Nimefunga bunda mwenyewe. Majani ya mgomba nimeyapasha moto yasipasuke, kamba nimeitoa kwenye mgomba uleule. Hili si bunda la kuuza. Ukimpelekea mtu bunda kama hili, umempelekea ombi. Akilifungua akatafuna na kugawia watu wake, amekubali. Akikataa, analirudisha lilivyofungwa. Hakuna njia ya tatu. Hivyo ndivyo hata mimi nilivyoposwa, na baba yangu alitafuna haraka mno, sijamsamehe.

Mithika amelipeleka Maua kwa pikipiki, amelipakata kama mtoto mchanga.

Alhamisi, 12 Machi

Nangoja.

Ijumaa, 13 Machi

Nitaandika mpaka hasira iishe au kalamu iishe.

Saa nne asubuhi simu yangu ililia mlio wa ujumbe. Nikamwita Kananu asome kwa sababu maandishi ya simu ni madogo kama mchwa. Akasoma kimoyomoyo.

"Soma."

"Shosho, ni pesa. Abdirizak amekutumia pesa."

"Pesa za nini? Sijampelekea mzigo wiki hii."

"Ameandika chini hapa. 'Mama, shukran kwa lile bunda. Limepata bei ya juu kuliko yote. Ukiwa na lingine kama hilo leta.'"

Nikaketi chini pale pale kwenye magunia.

Ameliuza. Ombi langu ameliuza! Limepanda ndege, limefika Mogadishu, mtu nisiyemjua ameketi kwenye mkeka wake anatafuna mustakabali wa mjukuu wangu na soda. Sasa nimekubaliwa au nimekataliwa? Baba yangu angefufuka asingejua la kusema.

Kananu aliziba mdomo kwa leso. Nilidhani analia.

"Unacheka?"

"Hapana, Shosho."

"Mabega yanacheka."

Akatoka mbio. Nilimsikia huko nje anacheka mpaka anakohoa. Mithika alipofika naye nikamgombeza, kwamba hakueleza. Akasema, "Nilimwambia hili ni la heshima. Akasema asante, heshima kubwa. Mimi nikadhani ameelewa." Nikamwambia arudi Maua akamweleze upya, na asithubutu kutafuna kitu njiani.

Jumapili, 15 Machi

Kanisani mchungaji aliniombea mimi na "rubani wetu." Kananu aliangalia viatu vyake. Nilifikiri ni adabu.

Jumanne, 17 Machi

Mvua imekuja, saa nane mchana, bila kubisha. Mahindi yalikuwa hayajaisha kupandwa. Migongo miwili tu, wangu na wa Kananu.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Bei ya miraa imeanguka. Mvua ikinyesha kila kichaka kinatoa, hata kile cha mlevi.

Jumatatu, 23 Machi

Abdirizak amekuja mwenyewe. Ameacha gari barabarani kwa sababu ya matope, amepanda kwa miguu, suruali imekunjwa, mkononi kilo tano za sukari na boksi la tende.

"Hodi, Mama."

"Karibu, mwuzaji."

Akasimama mlangoni, hakuingia. "Mama, nimestahili kuitwa hivyo. Mithika amenieleza jana tu, na mke wangu amenigombeza toka jana hiyo. Wallahi sikujua. Ilikuwa Ramadhani, nimefunga, na mimi hata siku za kawaida sitafuni, naumwa na tumbo. Nikaona mzigo mzuri, kesho kutwa utakauka, nikasema nisimpotezee mama wa watu. Nikakutafutia bei."

Mimi nimeishi na hawa watu maisha yangu yote, na Ramadhani sikuikumbuka. Nilimpelekea mtu aliyefunga kitu cha kutafuna. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia aingie, matope yanaingia ndani.

Alikunywa chai vikombe viwili. Akaniuliza ombi lenyewe lilikuwa nini. Nikamweleza: rubani, shule, miti arobaini, tajiri wa Kangeta. Akaweka kikombe chini polepole.

"Miti yote? Miaka kumi na tano?"

"Ni yangu."

"Ni yako, Mama. Mimi sikatai ombi. Lakini mtu hanunui ng'ombe kwa kusikia mlio. Njoo na huyu binti Nairobi siku ndege yangu inapakiwa. Aone kazi zote za pale kwa macho yake. Mtoto wa ndugu yangu, Ayan, anafanya kazi hapo hapo, atawaonyesha. Kisha ukitaka kukodisha hata nyumba, kodisha."

Kananu alikuwa ameshika mlango wa jikoni. Sijamwona na uso ule tangu matokeo yatoke.

"Tutakwenda," akasema, kabla sijafungua mdomo. Huyu mtoto!

Jumatano, 25 Machi

Niko Embu, mtaa wa Dallas, nyumbani kwa Kagure. Kagure ni mke wa Mutwiri, mama yake Kananu. Anashona sare za shule. Mutwiri alipokufa alirudi kwao huku Embu, Kananu akabaki kwangu, na kwa miaka kumi na miwili nimesema kwa kila aliyeuliza kwamba alimwacha mtoto. Sikutaka kulala kwake. Ni magoti yaliyokataa kwenda Nairobi kwa siku moja.

Alitupikia njahi, yale maharagwe meusi, kwa ndizi, laini, na bila chumvi. Alikumbuka kwamba sili chumvi. Kananu alipotoka kwenda dukani, Kagure aliendelea kupiga pasi kaptura ya mtoto fulani akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, unajua Kananu hataki urubani?"

"Nani amekwambia?"

"Yeye. Mwezi wa kumi na mbili."

"Angeniambia mimi. Mimi ndiye nimemlea. Wewe ulimwacha."

Hapo akaweka pasi chini. "Sikumwacha. Nilikuja kumchukua mara tatu. Ulisimama mlangoni, mara ya tatu ukashika panga. Sikulaumu, ulikuwa umezika mwana. Lakini usiseme nilimwacha."

Panga nilikuwa nakata nalo nyasi za ng'ombe. Lakini ni kweli sikuliweka chini.

Alhamisi, 26 Machi

Uwanja wa ndege. Nitaandika niliyoyaona.

Ndege ni chafu kuliko nilivyodhani na inanuka mafuta ya taa. Rubani ni kijana mwembamba, shati jeupe, amesimama chini ya bawa anakula mandazi. Nikamsogeza Kananu kwa kiwiko. "Ndiye huyo. Msalimie." Kananu hakumwangalia hata mara moja. Alikuwa anamwangalia Ayan.

Ayan ni msichana mfupi, buibui ndani, koti la manjano la kung'aa juu yake, karatasi mkononi. Kila gunia linapita kwenye mizani yake. Si kupima tu. Anaamuru lipi likae mbele, lipi katikati, lipi mkiani, na anaandika. Wapakiaji wanaume wenye shingo kama ng'ombe dume, wote wanamngoja yeye. Rubani naye na mandazi yake, anamngoja yeye.

Akasema, "Teremsheni sita."

Abdirizak akaja mbio. "Ayan, sita tu! Ni nyepesi. Wiki iliyopita zilikwenda hizi hizi."

"Wiki iliyopita hazikulowa, adeer." Hivyo ndivyo wanavyomwita baba mdogo. "Leo ni za mvua. Teremsha."

"Mimi nimekulisha."

"Umenilisha vizuri, Mwenyezi Mungu akulipe. Sita."

Wenye mizigo wengine wakaanza kupiga kelele, mmoja akamwita jina ambalo siandiki kwenye daftari la Mwalimu Winrose. Ayan alingoja wamalize, kama mtu anayengoja mvua ipite, kisha akanyoosha kidole palepale. Magunia sita yakashuka. Rubani akajipangusa mikono, akapokea karatasi, akatia sahihi, akapanda.

Ndege iliporuka nilifumba macho. Nilipofumbua Kananu alikuwa anamwuliza Ayan maswali bila kupumua. Kozi ni ya muda gani? Hesabu ipi? Na kuwapangia marubani njia, ni kozi ileile? Ayan akamwambia mambo yote, na akamwambia pia kwamba kuna marubani wenye leseni wanaouza simu mjini kwa kukosa ndege ya kurusha. Hilo nilijifanya sikulisikia.

Jumamosi, 28 Machi

Nyumbani. Nilingoja mpaka tumekunywa chai.

"Haya. Sema."

"Nataka kazi ya Ayan, Shosho."

"Mpagazi."

"Si mpagazi. Anapanga uzani. Ndege ikiwa nzito mkiani, pua inainuka, inaanguka. Wewe ukibeba kuni mgongoni, kamba kichwani, mzigo ukielemea nyuma unafanyaje?"

"Ninaufungua naupanga upya. Kila mwanamke anajua hilo."

"Basi."

"Basi nini? Nimetoa miti ya wazee ili ukafanye kazi ambayo mimi nafanya bure kila asubuhi? Laare yote inajua wewe ni rubani. Mchungaji ameshamwambia Mungu!"

"Mimi sikumtuma, Shosho."

"Na mama yako ulimwambia. Mimi hukuniambia."

"Mama aliniuliza," akasema. "Wewe ulitangaza."

Nilimwambia aondoe vikombe. Kimoja kikavunjika, sijui kwa mkono wa nani.

Jumatatu, 30 Machi

Hatusemezani. Mvua.

Jumatano, 1 Aprili

Kananu ameandikwa kazi kwenye stoo ya Abdirizak hapa Laare, kupima magunia kabla ya magari kuondoka. Sikuulizwa. Ameacha uji juu ya jiko umefunikwa vizuri. Sikuula mpaka ukapoa, kisha nikaula.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Kagure amepiga simu kunisalimia mimi, si mtoto. Nimeitikia shikamoo yake na nikasema njahi zilikuwa nzuri. Ni neno la kwanza zuri nililompa tangu mazishi.

Jumanne, 7 Aprili

Ng'ombe ana kikohozi. Nami pia.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua ya siku tatu bila kupumzika. Siwezi kutoka, siwezi kulima, sina wa kumgombeza. Nimebaki na daftari.

Mutwiri alikuwa dereva wa miraa. Pikapu, kutoka hapa mpaka Nairobi, mbio kama shetani anamfuata, kwa sababu miraa ikilala imekufa. Watu husema alikufa kwa mwendo. Nami husema hivyo. Polisi waliandika hivyo.

Ilikuwa mvua kama hii. Gari lilikuwa limejaa mpaka turubai haikufunga. Mimi nilifika nimechelewa na magunia mawili, moja kichwani kwangu, jingine kwa Mithika. Mutwiri akasema, "Mama, limejaa. Kesho." Nikamwambia mbele ya watu wote, "Wa wengine unabeba, mimi niliyekuzaa unanibagua?" Akacheka, kwa aibu. Akayatupa juu kabisa, akafunga na kamba. Kwenye ile kona kabla ya daraja gari lililala upande. Mwenzake aliyetoka mzima alisema mzigo wa juu ndio ulioanza kuhama.

Ule wa juu ulikuwa wangu.

Sijamwambia mtu. Kagure hakuwepo, alikuwa kliniki. Mithika alikuwepo na hajatamka, ndiyo maana nimemvumilia uvivu wake. Mtoto wa Mutwiri niliamua atapita juu, juu kabisa, mahali hakuna kona wala daraja. Hiyo ndiyo sababu ya urubani. Nilikuwa nasema ni fahari.

Ijumaa, 10 Aprili

Nilitaka kuuchana ukurasa wa jana. Sikuuchana.

Jumanne, 14 Aprili

Kananu alirudi amelowa. Akavua buti, akaketi mbele ya moto upande wangu, kitu ambacho hajafanya wiki mbili.

"Shosho, mimi nilikuwepo siku ile."

Sikumwuliza siku gani.

"Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimeketi juu ya tairi la akiba, Baba alikuwa amenipa mkate. Nilisikia ulivyomwambia, na nilisikia alivyokujibu."

Moto ulikuwa unatoa moshi, kuni mbichi. Nilimwambia hivyo, kuni ni mbichi.

"Sikulaumu," akasema. "Nilikuwa nakulaumu nikiwa darasa la sita. Ilipita. Lakini nimekuwa nikifikiria kitu kimoja tu. Kama pale kungekuwa na mtu mwingine, si mwanao, mtu wa mizani, wa kusema haya mawili hayapandi. Ungemsikiza?"

Nilimwambia akavue nguo mbichi, atapata nimonia. Akaenda.

Jumatano, 15 Aprili

Ningemtukana. Hilo ndilo jibu. Ningemtukana mpaka mama yake.

Jumamosi, 18 Aprili

Mithika amechuma, nusu imeoza kwa unyevu. Nikamwuliza akiwa juu kule: "Wewe Mithika, mbona hukusema kamwe?" Alijua ninachosema. Aliacha kuvunja matawi, maji yakimdondokea kwenye kofia.

"Gunia moja nilibeba mimi," akasema. Kisha akaendelea kuvunja matawi.

Jumatatu, 20 Aprili

Tajiri wa Kangeta amepiga simu. Ijumaa atakuja na shahidi. Nimesema sawa. Sijui kwa nini nimesema sawa. Nimechoka hata kusema hapana.

Alhamisi, 23 Aprili

Barabara ya Maua imemomonyoka mahali, magari mawili hayakupanda. Kwa hivyo leo Laare yote ilikuwa na gari moja tu, na kila mtu na gunia lake. Nami nilikuwa na langu, zuri, la mbaine, la kwanza zuri tangu mvua ianze. Nimelibeba mwenyewe mpaka stoo, kwa sababu Mithika ana homa, au amesema ana homa.

Kulikuwa na foleni na kelele. Kananu alisimama kwenye mizani, kofia ya baba yake, buti, kalamu sikioni. Zamu yangu ilipofika, gari lilikuwa limeshafungwa turubai. Nikaweka gunia juu ya mizani bila kuuliza.

Aliangalia mshale. Akaandika. Kisha akasema, sauti ile ile aliyowaambia wengine, "Hili haliendi leo, Shosho."

"Ni kilo ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili ni nini kwa gari kama hili? Ni mtoto mmoja!"

"Gari limetimia."

Nitaandika ukweli, sikumbuki kama nilikuwa namjaribu au nilikuwa nataka tu miraa yangu iende. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nilimwambia nimemwogesha, nimemlisha, nimemlipia karo kwa mgongo huu. Nilimwambia hana shukrani kama mama yake, halafu nikakumbuka mama yake na nikaudhika zaidi. Nilimwambia mbele ya watu, "Wa wengine unapakia, mimi unanibagua?"

Maneno yale yale. Nilisikia yakitoka. Watu wakacheka, mmoja akasema, "Haya mtoto, mpakilie nyanya yako, si ni gunia moja." Dereva naye akashuka, kijana mdogo, akaja kulishika gunia kwa heshima yangu, anacheka kwa aibu.

Kananu akaweka mkono juu ya gunia.

"Liache," akamwambia dereva. "Panda gari, uende."

Nami akaniangalia machoni, hakuinamisha kichwa, hakunijibu tusi hata moja. Machozi yalikuwa yamejaa na hayakushuka. Alingoja nimalize. Pumzi iliniisha kabla ya matusi.

Nikaliondoa gunia langu kwenye mizani. Nikaweka kamba kichwani, nikageuka, nikapanda nalo kilima chote mpaka nyumbani, nikipumzika mara nne. Gari lilinipita kwenye mteremko, mwendo wa wastani, turubai imefunga kote. Nilisimama nikaliangalia mpaka likapotea. Kesho hilo gunia ni majani ya mbuzi. Acha wale, hawajawahi kula mbaine.

Nimempigia simu tajiri wa Kangeta nikamwambia asisumbuke na tope la huku. Ameuliza kama nimepata bei nzuri zaidi. Nimekata simu.

Kananu amerudi saa kumi na mbili kasoro. Alisimama mlangoni kama mgeni, hajui kama ataruhusiwa.

"Gari lilifika?" nikamwuliza.

"Lilifika, Shosho. Saa tisa."

"Na dereva?"

"Mzima. Alinipigia akiwa anakula, ananiambia nyama ya Nairobi ni ngumu."

"Na mwenzake?"

"Mzima pia."

Nilichochea moto. Nilichochea sana, mpaka ukawaka. Kisha nikamwambia aingie, afunge mlango, alete fomu ya ile kozi ya Ayan na kalamu, anionyeshe mahali mlezi anapotia sahihi.